"Eti mimi ni mabaki?" Mifupa ya koo, vidoko vya Kisandawe na lini binadamu alianza kusema

Bint wa Kolo (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa Dodoma mjini ila kwetu ni Kondoa. Baba ni Mrangi wa Kolo, mama ni Msandawe wa Kwa Mtoro, na mimi nafundisha Baiolojia sekondari. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aurudie usiku.

Mwezi wa saba nilikwenda kumjulia hali bibi mzaa mama. Siku ya pili wakaja wageni watatu kutoka nje, na kijana aliyekuwa anawatembeza. Bibi akawatolea viti, wakakaa chini ya mti, na yeye akaendelea kuongea na kitukuu chake kwa Kisandawe. Yule kijana akawaeleza wageni wake palepale, mbele ya bibi, kwamba lugha hii ya vidoko, zile sauti za kupiga ulimi kinywani, ndiyo lugha ya kwanza ya binadamu, na wanaoizungumza ni mabaki hai ya watu wa kale. Alilisema kwa Kiingereza, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili na sisi tusikie tunavyosifiwa. Bibi Kiswahili anakielewa vizuri sana. Alikaa kimya mpaka wakaaga. Walipopotea njiani akanigeukia: "Mjukuu wangu, eti mimi ni mabaki?"

Nilimjibu hapana, lakini nilijibu kwa uchungu tu, sikuwa na hoja. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, na mwanzo wa usemi. Ninachokuja kusema ni hiki: mifupa inaweza kutuonyesha koo, sikio na pumzi ya zamadamu, yaani watu wa kale waliotutangulia. Haiwezi kutuonyesha lugha yake. Na hakuna mfupa hata mmoja duniani unaomfanya bibi yangu kuwa wa kale kuliko mimi na wewe.

Tuanze na mfupa wenyewe. Shika shingo yako juu kidogo ya kikoromeo, pale kidevu kinapokutana na shingo, kwa kidole gumba na cha shahada. Meza mate. Kuna kitu kigumu kinapanda na kushuka. Huo ndio mfupa wa hioidi. Una umbo la herufi U, ulimi umeshikizwa juu yake na zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti, kimening'inia chini yake. Ajabu yake ni kwamba haujagusana na mfupa mwingine wowote mwilini. Umeshikwa na misuli na kano tu.

Nilitaka kuuona kwa macho, na wa binadamu sina ruhusa ya kuushika. Jumamosi moja nikaenda mnada wa Msalato nikanunua kichwa cha mbuzi ambacho koromeo lilibaki kichwani, kama wachinjaji Waislamu wengi wanavyokata. Nikakichemsha mpaka nyama ikaachia, nikakimwaga kwenye sinia na kuchambua kwa vidole taratibu. Chini ya ulimi nikakuta si mfupa mmoja bali vijifupa kadhaa vilivyoungwa kwa gegedu kama pete za mnyororo. Viwili ni virefu na bapa, vyembamba kiasi kwamba ukivielekeza kwenye taa unaona mwanga unapenya ukingoni. Vinapanda kulia na kushoto hadi nyuma ya taya, karibu na sikio, na huko vinashikamana na fuvu. Kwa hiyo koromeo la mbuzi limefungwa kwenye fuvu kwa mifupa, kama bembea. La kwetu linaelea.

Sasa fikiria mtu amekufa porini miaka laki kadhaa iliyopita. Misuli imeoza, kano zimeoza, fisi kapita, mvua imepita. Kijifupa kidogo ambacho hakikuwa kimeshikamana na chochote kitabaki wapi? Ndiyo maana hioidi za zamadamu zilizopatikana unaweza kuzihesabu kwa vidole.

Ya zamani kuliko zote ni ya mtoto wa Dikika, Ethiopia, aliyegunduliwa mwaka 2000 na timu ya Mwethiopia Zeresenay Alemseged na kutangazwa mwaka 2006. Ni mtoto wa kike wa takriban miaka mitatu, aliyeishi miaka milioni 3.3 iliyopita, wa jamii ya Australopithecus afarensis. Wakampa jina Selam. Hioidi yake inafanana na ya sokwe na gorila: ina uvimbe wenye uwazi ndani, na kwa sokwe uwazi huo ndio unaopokea mfuko wa hewa wa kooni. Binadamu wa leo hana mfuko huo.

Hapa Mtanzania asimame kidogo. Nyayo za Laetoli kule Ngorongoro, zile zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978, zina miaka milioni 3.66, na wataalamu wengi wanazihesabu kuwa za jamii hiyohiyo ya Selam. Waliopita kwenye majivu yale walitembea wima kama sisi. Koo zao yaelekea zilikuwa bado za sokwe. Miguu ilitangulia, mdomo ukafuata baadaye sana.

Kisha pengo kubwa, karibu miaka milioni tatu, na mifupa ya koo inarudi Ulaya. Katika shimo la Sima de los Huesos, Atapuerca, Hispania, kumepatikana hioidi mbili za watu wa miaka takriban 430,000 iliyopita, ndugu wa awali wa Waneandathali, wale watu wa kale wa Ulaya na Asia ya magharibi ambao hawapo tena. Umbo lake ni la kwetu. Na katika pango la Kebara, mlima Karmeli, Israeli, mwaka 1983 ulifukuliwa mwili wa Mneandathali mwanamume wa miaka kama 60,000 iliyopita. Fuvu halipo, taya la chini lipo, na hioidi ipo nzima. Ilipochapishwa mwaka 1989 ikazua mjadala mkubwa, kwa sababu ukiiweka kando ya ya kwako hutaona tofauti ya maana.

Naenda kuwasha jiko. Nitarudi kueleza kwa nini ilizua mjadala.

Chuma cha Msalato

Dada, mimi nachinja pale pale mnadani mwaka wa kumi na moja huu, hivyo vijifupa nimevitupa maelfu bila kuviuliza jina. Kesho nitaviangalia. Endelea, nimekaa mkao wa kula.

Nesi wa Mpwapwa

Mwalimu, naongeza la kazini kwangu. Mtoto mchanga zoloto lake liko juu sana, karibu linagusa nyuma ya pua. Ndiyo maana ananyonya huku anapumua, bila kuachia ziwa. Mtu mzima jaribu kunywa maji huku unavuta pumzi uone utakavyopaliwa. Linashuka taratibu katika miaka ya mwanzo, na mtoto ndipo naye anaanza kutamka vizuri. Je, hilo la kushuka ndilo siri ya kusema?

Bint wa Kolo

Nesi, umegusa penyewe. Hilo ndilo lililokuwa jibu la wengi kwa zaidi ya miaka thelathini.

Hatari ya kupaliwa Darwin mwenyewe aliiona. Mwaka 1859 aliandika akishangaa kwamba kila tonge na kila funda tunalomeza lazima lipite juu ya tundu la njia ya hewa. Swali likawa: kwa nini mwili ukubali hatari hiyo? Mwaka 1971 Philip Lieberman na Edmund Crelin wa Marekani wakaja na jibu. Zoloto likishuka, nyuma ya ulimi panapatikana chumba kirefu, na ulimi unapocheza kati ya vyumba viwili, cha mdomoni na cha kooni, ndipo zinatoka irabu zilizo mbalimbali kabisa: a, i, u. Tamka "baba", kisha "bibi", kisha "bubu", polepole, usikilize ulimi wako unavyosafiri. Wakachukua fuvu la Mneandathali wa La Chapelle-aux-Saints, Ufaransa, wakakadiria koo lake kutokana na umbo la chini ya fuvu, wakahitimisha kwamba zoloto lilikuwa juu na kwamba irabu hizo tatu asingeziweza sawasawa. Mneandathali akaandikwa mtu asiyeweza kusema vizuri.

Ndiyo maana hioidi ya Kebara iliwaka moto. Waliofukua wakasema: mfupa ni wa kwetu, basi na koo ni la kwetu. Upande wa pili ukajibu kwamba mfupa peke yake hauonyeshi ulikaa juu au chini kooni, na hilo ni kweli, mfupa hauna alama ya kituo chake. Mwaka 2013 timu nyingine ikaupiga picha za ndani kwa mionzi, wakapima jinsi nyuzinyuzi za mfupa zilivyojipanga kubeba mzigo wa misuli. Mfupa hujijenga kufuatana na kazi unayofanya, kama kiganja cha mlimaji kinavyoota sugu. Wakakuta umejijenga kama wa mtu wa leo. Kwangu hiyo ni hoja nzito kuliko umbo la nje.

Lakini kushuka kwa zoloto kumepoteza heshima yake ya zamani. Ilionekana kwamba kulungu dume wa Ulaya ana zoloto lililoshuka, na akinguruma analivuta chini zaidi, ili asikike mkubwa. Hasemi kitu. Mwaka 2016 Tecumseh Fitch na wenzake wakampiga kima wa Asia picha za eksirei akila, akipiga miayo, akitoa sauti, kisha kompyuta ikakokotoa irabu ambazo koo lile lingeweza kutoa. Zilitosha kabisa kwa mazungumzo yanayoeleweka. Kima ana koo la kutosha. Anachokosa ni ubongo wa kuliendesha.

Kwa hiyo Nesi, koo lilihitaji dereva.

Mzee wa Bahi

Mwanangu mwalimu, nimesoma yote. Sasa ubongo nao si unaoza? Mtaujuaje?

Bint wa Kolo

Shikamoo mzee. Unaoza, ila unaacha alama. Ubongo unapokua unasukuma fuvu kutoka ndani, mikunjo na mishipa yake inachapa kwenye mfupa, kama tumbo la chungu linavyobaki na vidole vya mfinyanzi. Wataalamu wanamimina nta au kupiga siti skani wapate umbo la ndani.

Mwaka 1861 huko Paris daktari Paul Broca alikuwa na mgonjwa aliyeelewa maneno lakini alichoweza kutamka ni "tan" tu. Alipofariki, Broca akakuta ubongo umeharibika mbele, upande wa kushoto. Tangu hapo sehemu hiyo inaitwa eneo la Broca, na wanaosoma mafuvu wanaitafuta. Phillip Tobias wa Afrika Kusini, aliyekuwa mmoja wa watatu walioipa jina Homo habilis, jamii ya kale ya binadamu, mwaka 1964 kutokana na mifupa ya kwetu Oldupai, aliamini habilis tayari ana uvimbe wa eneo hilo, na kwa hiyo alikuwa na lugha. Nilipokuwa mwanafunzi hilo lilinijaza fahari, kwamba Tanzania ndipo mtu wa kwanza aliposema.

Leo silifundishi hivyo. Mwaka 2021 ilichapishwa kazi iliyolinganisha mafuvu ya Dmanisi, Georgia, na ya Afrika na Asia, ikaonyesha kwamba Homo wa mwanzo kabisa sehemu yao ya mbele ya ubongo ilikuwa bado imepangika kama ya sokwe, na mpangilio wa kwetu unaonekana baadaye, kati ya miaka milioni 1.7 na 1.5 iliyopita. Na hata uvimbe ukiwepo, eneo la Broca lina kazi nyingine pia, kama kupanga miondoko ya mikono. Mtu anaweza kuwa nalo akachonga jiwe vizuri bila kusema neno.

Fahari ya Oldupai haipungui kwa hilo. Ila sitaijenga juu ya kitu ambacho fuvu halikusema.

Dogo wa Chimwaga

Mwalimu, pale chuo tuliambiwa kuna tundu la fuvu linalopitisha neva ya ulimi, na kwamba likiwa pana mtu alikuwa anasema. Hilo vipi?

Bint wa Kolo

Lilikuja mwaka 1998, likavuma, likafa mwaka 1999. Watu wa kwanza walipima tundu hilo wakaona la Waneandathali na wengine wa kale limepanuka kama letu, na la sokwe ni dogo. Mwaka uliofuata David DeGusta na wenzake wakapima watu na wanyama wengi zaidi, wakapima na neva zenyewe kwenye maiti. Wakakuta upana wa tundu hauendani na unene wa neva, na sokwe na kima kibao wana tundu la ukubwa wa kwetu. Mwambie aliyekufundisha, kwa adabu.

Linalonivutia mimi ni la pumzi. Anayesema anavuta hewa haraka, kisha anaiachia kidogokidogo, akiigawa kwa vipande vya maneno. Nenda kasikilize kwaya za Kigogo kule Chamwino, sauti inavyovutwa mpaka unadhani mwimbaji hana mapafu bali ana ziwa la hewa ndani. Kazi hiyo inafanywa na misuli ya kati ya mbavu na ya tumbo, na misuli hiyo inaamrishwa na neva zinazopita kwenye pingili za mgongo wa kifuani. Ann MacLarnon na Gwen Hewitt wa Uingereza walipima njia hiyo ndani ya pingili. Kwa binadamu wa leo na Waneandathali ni pana. Kwa kijana wa Turkana, yule zamadamu ambaye mifupa yake iligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, Kenya, wa miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, ni nyembamba kama ya sokwe. Mwili mrefu wa kutembea mbali ulikuwa tayari, pumzi ya kuhadithia bado.

Wapo wanaolipinga. Pingili za Dmanisi, ambazo ni za kale zaidi, mtafiti mmoja alizipima akakuta ziko ndani ya kipimo chetu, na wengine wanasema mgongo wa kijana wa Turkana huenda ulikuwa na ugonjwa. Mimi naliweka hapo katikati, silifungi.

Mwana Isimila

Kutoka Iringa hapa. Mbona hujataja masikio? Kusema bila wa kusikia ni bure.

Bint wa Kolo

Asante sana, na hilo ndilo nililokuwa nalihifadhi kwa sababu kwangu ndilo zuri kuliko yote.

Mfupa wa sikio ni mgumu na umejificha ndani ya fuvu, kwa hiyo unadumu. Sokwe anasikia vizuri sauti za chini, na tena karibu na kilohezi 8 (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), lakini katikati hapo usikivu wake unapungua. Binadamu usikivu wake unabaki juu katika eneo la katikati, mpaka kilohezi 4 na 5, na humo ndimo konsonanti nyingi zinaishi: t, k, s, sh. Wale wa Atapuerca, Ignacio Martínez na wenzake, walipiga siti skani masikio ya watu wa Sima, wakapima mfereji, chumba cha kati na njia zake, wakakokotoa sauti ingepitaje. Mwaka 2004 wakatangaza kwamba sikio lile liko karibu na letu kuliko la sokwe. Mwaka 2021 kundi lililoongozwa na Mercedes Conde-Valverde likafanya hivyo kwa Waneandathali, na upana wa masafa wanayosikia vizuri ukawa sawa na wetu, mpana hata kuliko wa watu wa Sima.

Sikio halipanuki masafa kwa ajili ya upepo. Mimi naamini Waneandathali walisema. Sijui walisema nini, lakini koo, pumzi na sikio vyote vitatu vimeelekea upande mmoja, na jeni ya FOXP2, ambayo ikiharibika mtu hushindwa kupanga matamshi, iliposomwa kwenye mifupa yao mwaka 2007 ilikutwa na mabadiliko yaleyale mawili tuliyo nayo sisi. Watu walioachana na ukoo wetu zaidi ya miaka laki tano iliyopita. Ukikubali hilo, basi mwanzo wa kusema uko nyuma yao wote wawili.

Mzee wa Bahi

Marahaba mwanangu. Nina swali la meno. Mimi ya mbele yamekwisha, na mjukuu wangu ananicheka nikitamka "fufua". Wa kale walitamkaje?

Bint wa Kolo

Mzee, swali lako lina jibu kubwa kuliko unavyodhani, na huyo mjukuu aje hapa asome.

Ili utoe f au v, meno ya juu yanagusa mdomo wa chini. Ni rahisi kwetu kwa sababu meno yetu ya juu yanatangulia kidogo mbele ya ya chini. Lakini watu waliokula vyakula vigumu, nyama isiyoiva vizuri, mizizi, matunda pori, meno yao yaliliwa kwa kutafuna, na wakifika utu uzima yakawa yanakutana ncha kwa ncha. Mafuvu ya wawindaji yanaonyesha hivyo. Mwaka 2019 Damián Blasi na wenzake walionyesha kwa mfano wa kompyuta kwamba meno ya ncha kwa ncha hufanya f na v kuwa kazi ngumu zaidi, na kwamba lugha za wawindaji kwa wastani zina sauti hizo kwa uchache sana kuliko lugha za wakulima. Yaani uji na ugali laini wa uwele vimesaidia kuleta "fufua" duniani. Wapo wanaisimu wasioridhika na hesabu zao, ila wazo limenikaa.

Nawaomba mshike jambo moja hapo. Sauti ya f, ambayo kila mtoto wa Dodoma anaitamka, huenda ni mgeni wa juzi. Hakuna aliyekuja kijijini kwetu kuwaonyesha wageni watu wa f.

Dogo wa Chimwaga

Sasa turudi kwa bibi. Vidoko si ni vya kale kweli? Mbona hata kwenye vipindi vya redio wanasema?

Bint wa Kolo

Nimesubiri mtu aulize.

Kidoko hakihitaji hata pumzi ya mapafu. Ziba pua, shikilia pumzi, kisha piga ulimi nyuma ya meno kama unayesikitika: ts, ts. Umetoa kidoko. Piga pembeni, kama unayemhimiza punda. Hicho nacho ni kidoko. Bandua ulimi juu ya kinywa kwa kishindo, kama mtoto anayeiga kwato za farasi. Hivyo vitatu ndivyo misingi ya vidoko vya Kisandawe, na juu yake vinaongezwa mkoromo, king'ong'o na pumzi mpaka zinakuwa konsonanti kumi na tano hivi. Bibi anazitumia bila kufikiri, kwa kasi, na toni juu yake.

Hakuna hata kimoja kinachoacha alama kwenye mfupa. Hioidi ya Kebara haiwezi kukuambia kama mwenyewe alipiga kidoko au hakupiga. Anayesema visukuku vimethibitisha kwamba vidoko ndiyo sauti ya kwanza, mwambie akuonyeshe kisukuku.

Na vidoko vinahama. Wazulu na Waxhosa ni Wabantu kama Warangi na Wagogo, wakavipata kwa majirani zao wa kusini. Wadahalo wa pwani ya Kenya wana lugha ya Kikushi, na wana vidoko. Majirani zetu Wahadzabe wa ziwa Eyasi wana vidoko pia, lakini lugha yao na ya kwetu hakuna aliyethibitisha kuwa ni ndugu. Msandawe akikutana na Mhadzabe wanaongea Kiswahili.

Kisandawe cha leo kina maneno ya kulima, ya ng'ombe, ya shule na ya simu. Kimekaa jirani na Kiburunge, Kigogo, Kinyaturu na Kirangi, kimechukua na kimetoa. Mama zake bibi walikibadilisha, bibi amekibadilisha, kitukuu anakibadilisha sasa hivi. Miaka iliyopita tangu watu waanze kusema ni ileile kwa Kisandawe, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza cha yule kijana. Hakuna lugha iliyokaa kwenye kabati ikisubiri watalii.

Mwaka 1866 Chama cha Isimu cha Paris kiliandika kwenye katiba yake kwamba hakitapokea maandiko juu ya mwanzo wa lugha, kwa sababu ya ubashiri kuzidi. Mimi sitaki swali lifungwe hivyo. Nataka anayelijibu aanze na alichonacho mkononi.

Mwana Isimila

Na michoro ya kale ya miambani kule Kolo? Si ushahidi wa lugha huo?

Bint wa Kolo

Ni ushahidi wa watu wenye mawazo ya pamoja, na kwangu hao walisema bila shaka yoyote. Nimekua chini ya mawe yale, watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, na nilifurahi sana yalipoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Ila kilicho kizito zaidi kwa swali letu kiko Kisese, hukohuko Kondoa, kwenye pango lililochimbwa mwaka 1956. Humo kuna shanga za ganda la yai la mbuni, na vipimo vipya vimeonyesha kwamba za kale zaidi zimepita miaka 40,000. Ukiishika moja mkononi ni kitu cha kushangaza: duara dogo, limetobolewa katikati, ukingo umesuguliwa mpaka ukawa laini. Ganda lile linavunjika ovyo, aliyelitoboa alijifunza kwa mtu, na aliyeivaa alitaka mwingine aione na aelewe. Huwezi kunishawishi kwamba watu hao walikaa kimya wakitoboa.

Lakini hata hapo angalia: miaka 40,000 ni jana. Kusema kulikuwa kumeshazeeka.

Nesi wa Mpwapwa

Mwalimu, bibi ulimjibu?

Bint wa Kolo

Nilirudi kwake wiki iliyopita. Nilibeba vijifupa vya mbuzi kwenye kichupa cha dawa na picha ya mfupa wa Kebara kwenye simu. Nikamwekea mkono kwenye shingo yake, nikamwambia ameze mate. Akameza, akacheka, akamwita jirani naye ameze. Nikamwambia kwamba mfupa anaousikia anao yule kijana, wanao wale wageni, alikuwa nao mtu wa pangoni. Aliitazama picha muda mrefu, akauliza huyo mtu alizikwa na nani. Nikasema yaelekea ndugu zake, kwa sababu mwili ulikutwa umelazwa. Akasema, "Basi walimwita jina."

Sijalala vizuri tangu nilisikie hilo. Nimeanza kumrekodi, kila nikienda, hadithi, nyimbo za kutwanga, hata ugomvi wake na kuku.

Chuma cha Msalato

Dada, leo nimeviangalia. Kweli kabisa vimeungana na fuvu, nimewaonyesha vijana wangu wote. Nikuwekee vichwa vingapi vya wanafunzi?

Bint wa Kolo

Viwili, kaka, na kama utapata cha kondoo niongezee kimoja tulinganishe. Tafadhali wasikate juu ya koromeo. Nakuja Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali.